Arusha hadi Seronera: dakika 17 au saa nzima?

SWALI: Naandaa ratiba za wageni hapa Arusha. Programu ya simu inasema kutoka uwanja wa Arusha hadi Seronera, kiwanja cha ndege ndani ya Serengeti, ni kilomita 225, dakika 17 angani. Tiketi inasema saa nzima. Nimwamini nani, na nipimeje mwenyewe?
Msomaji, Sakina

JIBU: Kilomita ziko sawa, dakika ndizo si za kuaminika. Programu imepigia hesabu jeti ya kilomita 800 kwa saa, na jeti kubwa za namna hiyo hazitui Seronera. Wageni wako wengi watapanda Cessna Caravan ya injini moja, inayokwenda kama maili 160 za baharini kwa saa, takriban kilomita 300.

Kupima umbali, fungua ramani ya simu, bonyeza katikati ya njia ya kurukia, nakili namba za latitudo na longitudo. Arusha ni 3.37 kusini, 36.63 mashariki. Seronera ni 2.46 na 34.82. Toa: unabaki na 0.91 na 1.81. Zidisha kila moja kwa 60 upate maili za baharini, 54.6 na 108.6. Sasa ile Pythagoras ya shuleni: kipeo cha pili cha kila namba, jumlisha, tafuta kipeuo. Inakuja 121.5, na ukizidisha kwa 1.852 unapata kilomita 225. Njia hii inafaa kwetu kwa kuwa tuko jirani na ikweta. Usiipeleke Ulaya: London, digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 69 tu, hapa ni 111.

Angalia sana namba zilizoandikwa kwa digrii na dakika. 3°22′ si 3.22, gawa 22 kwa 60, ni 3.37. Ukikosea hapo umehamisha uwanja karibu kilomita 17. Na usichanganye uwanja wa Arusha na KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, vimeachana karibu kilomita 50.

Muda sasa: 121.5 gawa kwa 160, dakika 46. Ongeza kama 10, maana tiketi huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama, na wakati wa kupanda mwendo huwa mdogo. Tayari uko karibu na saa nzima. Upepo unaotoka mashariki wa maili 15 za baharini kwa saa utakusukuma ukienda, angani dakika 42, na kukukaba ukirudi, dakika 50. Mstari wenyewe unapita karibu na Loolmalasin, mlima wa zaidi ya mita 3,600, hivyo mawingu yakishuka rubani atazunguka.

Kinachovuruga ratiba zaidi, kwa maoni yetu, ni vituo vya njiani. Ndege ikipitia Manyara kushusha abiria, weka dakika 15 hadi 20 za kusimama, kisha pima kila kipande peke yake: Arusha–Manyara, halafu Manyara–Seronera. Kwa hiyo kabla ya kumwahidi mgeni saa ya kufika, ipigie simu kampuni uulize ndege ya siku hiyo inatua wapi na wapi.