Maswali yenu: "Inaugurate" na ndege wa Roma

Kila Marekani inapoapisha rais tunasikia "inauguration". Neno hili lina asili gani?

Asili yake ni Roma ya kale. Kwa Kilatini, "inaugurare" ilikuwa kuomba idhini ya miungu kabla ya kumsimika mtu au kuweka wakfu mahali. Kazi hiyo ilikuwa ya makuhani walioitwa augur. Augur alishika fimbo yenye kichwa kilichopinda, akaigawa mbingu kwa mistari ya kuwazia tu, kisha akatazama ndege: ni wa aina gani, wanatokea upande upi, wanaliaje. Masimulizi ya Kirumi yanasema Numa Pompilius, mfalme wao wa pili, aliketishwa juu ya jiwe, ameelekea kusini, augur akiwa kushotoni kwake, wakingoja ishara. Hawakuwa wanapiga ramli ya mambo yajayo. Walitaka kujua jambo moja tu: miungu imeridhia au la?

Kwa hiyo ndani ya neno hilo kuna ndege?

Taratibu hapo. Wapo Warumi waliodhani "augur" limetokana na "avis", yaani ndege, lakini wanaisimu wengi wa leo wanalihusisha na "augere", kuongeza au kukuza. Ndege wa uhakika yumo katika "auspicious", yaani lenye dalili njema, neno lililojengwa kwa ndege na kutazama. Wala tusiwacheke: wazee wetu wa pwani walipoona ishara mbaya njiani walisema ni ndege mbaya, na safari ikaahirishwa.

Hakuna Mrumi aliyewapuuza ndege?

Yupo, Publius Claudius Pulcher, kamanda wa meli za kivita za Roma. Mwaka 249 KK, kabla ya vita vya Drepana huko Sicily, kuku watakatifu, ambao kula kwao kulikuwa ishara njema, waligoma kula. Inasimuliwa kwamba aliwatupa baharini, akisema kama hawataki kula basi wanywe. Akashindwa, na maadui zake wa Carthage wakateka meli zake zipatazo 90.

Kwa nini Marekani wanaapisha tarehe 20 Januari?

Zamani ilikuwa 4 Machi. Marekebisho ya 20 ya Katiba, ya mwaka 1933, yalipunguza muda wa kungoja kati ya uchaguzi na kuapishwa. Franklin Roosevelt akawa wa kwanza kuapa tarehe hiyo, mwaka 1937.

Nikifungua duka langu niseme nime-"inaugurate"?

Unaweza, ila utaonekana unajikweza. Neno hilo huwafaa zaidi marais, madaraja na viwanja vya ndege; kwa duka, "open" inatosha. Na ukitafsiri, angalia: daraja huzinduliwa, rais huapishwa. Ukiandika rais amezinduliwa, wasomaji watauliza alizimia lini.