Paka niliyemlea ananing'ata

Swali: Nililea kwa chupa mtoto wa paka koko tangu wiki 2. Sasa ana miezi 4, ananirukia miguuni na kuning'ata. Je, ni damu ya mama yake?

Jibu: Pole, lakini usimlaumu mama. Woga huweza kurithiwa, hata kwa baba asiyewahi kumwona; kung'ata huku mara nyingi ni kukosa ndugu. Wao wangemfunza kwamba akiuma sana, mchezo umekwisha. Usimchezee kwa vidole kamwe. Mburutie unyoya kwenye kamba ndefu dakika 10, mara 2 au 3 kwa siku, kisha mlishe. Akikuuma, usichomoe mkono kwa ghafla, maana ataukamata kama panya anayekimbia. Tulia, kisha ondoka. Usimpige. Ukiweza, mtafutie mwenzake wa rika lake.