Kurudi Masomoni au Kuhama Chuo cha Uuguzi: Anza na Kinachochelewa

Mwanafunzi wa uuguzi aliyekatisha masomo, au anayetaka kuhamia chuo kingine, kwa kawaida huanza kuhangaika na alama. Anazijumlisha, anapiga wastani, anajiuliza kama zinatosha. Alama ndiyo sehemu nyepesi. Zimeshaandikwa, hazibadiliki, na mkaguzi anazimaliza kwa dakika chache. Maombi mengi hukwama kwingine: saa za vitendo zisizo na karatasi ya kuzithibitisha, chanjo inayotaka miezi 6 kukamilika, cheti kilichoisha muda, deni la ada linalozuia transkripti (hati rasmi ya matokeo). Kwa hiyo panga kazi kinyume na mazoea. Kinachochukua muda mrefu kishike leo, fomu utaijaza mwishoni.

Kwanza ujue unaomba nini. Kurejeshwa ni kurudi chuo kilekile ulichoondoka. Kuhama ni kubeba ulichosoma na kuomba chuo kingine kikitambue. Ukidisko (ukiondolewa kwa kufeli) chuo kimoja kisha ukaomba kingine, jiandae kuulizwa yote mawili. Usifiche. Chuo kipya kitaomba barua kutoka kwa mkuu wa idara ya uuguzi kule ulikotoka, ikieleza kama una ruhusa ya kuendelea na masomo huko na kama una kesi ya nidhamu. Kufeli somo kunasameheka. Kusema uongo kwenye fomu ni vigumu kusameheka katika kazi ambayo neno lako kwenye faili la mgonjwa ndilo daktari analoliamini usiku.

Kwa anayerudi, jambo la kwanza kuangaliwa ni namna alivyoondoka. Aliyejaza fomu ya kuahirisha, ikasainiwa, kwa kawaida nafasi yake inamsubiri mpaka tarehe iliyoandikwa. Aliyepotea kimyakimya huhesabiwa ameacha, hata kama alikuwa mgonjwa kweli. Kama bado uko chuoni na unaona mambo yanakuelemea, jaza fomu kabla hujafunga begi. Aliyefeli mara nyingi hupewa nafasi ya kurudi mara moja tu. Vyuo vingi hufunga mlango kwa anayefeli somo lilelile mara ya pili, au masomo mawili ya uuguzi. Aliyeondolewa kwa kuhatarisha mgonjwa, mfano kutoa dawa bila msimamizi au kuandika shinikizo la damu ambalo hakulipima, hupelekwa kwenye kamati, na wengi hawarudi. Tunaona hiyo ni haki.

Halafu kuna suala la nafasi, ambalo wengi hulichukulia kama uonevu. Unaweza kutimiza kila sharti na bado ukaambiwa usubiri. Sababu ni wodi. Mkufunzi mmoja hawezi kusimamia wanafunzi wasio na idadi karibu na vitanda vya wagonjwa, na hospitali huweka kikomo. Viti vya darasani vinaongezeka, vya wodini haviongezeki. Foleni kwa kawaida hutanguliza wanaoendelea vizuri, kisha walioahirisha, kisha waliofeli, na wanaohamia huwa mkiani. Anayeomba wiki ya mwisho anaokota kilichobaki.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja. Iseme kilichotokea, kilichobadilika, na mpango wa muhula unaorudi. Linganisha hizi mbili. Moja: “Nilikuwa na matatizo ya kifamilia yaliyoathiri masomo yangu, nikipewa nafasi nitajitahidi.” Nyingine: “Nilipata 44 katika Famakolojia. Nilikuwa nafanya kazi zamu tano za usiku kwa wiki na nilikosa vipindi saba. Sasa ninafanya zamu mbili za wikiendi, ratiba yangu imeambatishwa, na nimepanga saa 6 kwa wiki za hesabu za dawa.” Ya kwanza haimpi msomaji kitu cha kushika. Ya pili inaweza kuhakikiwa, na ndiyo maana inaaminika. Machozi yaache nje, lakini uthibitisho kama cheti cha daktari uambatishe.

Aliyekaa nje muhula mmoja au zaidi ategemee kupimwa ujuzi wa mikono kabla ya kurudi wodini. Mtihani wa hesabu za dawa ndio unaoangusha wengi, kwa sababu alama ya kupita huwa juu, 90 au hata 100. Chukua swali la kawaida: maji ya dripu mililita 1,000 yaingie kwa saa 8, seti (mpira unaopitisha maji hayo) inatoa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, upate matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, upate 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Anayesahau kugeuza saa kuwa dakika hupata 2,500, na kosa kubwa liko baada ya hapo: kuiandika bila kushtuka. Matone 2,500 kwa dakika hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Mtahini anatafuta mtu anayeshtuka. Andika 0.5, usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0. Nukta isipoonekana vizuri, mgonjwa anapata dozi mara kumi.

Kwa vitendo, jizoeze zaidi kazi zinazotaka usafi wa tasa, yaani usio na kijidudu chochote. Kuweka mpira wa mkojo ni kipimo kizuri. Mkono unaoshika mwili wa mgonjwa ukishagusa ngozi si tasa tena, na hautakiwi kurudi kwenye trei. Mkono wa pili pekee ndio unaoshika mpira. Puto dogo la kwenye ncha ya mpira lisijazwe kabla mkojo haujatoka, maana ukilijaza likiwa bado ndani ya njia ya mkojo, unaichana. Watu hufeli kwa mkono uliorudi kwenye trei sekunde moja tu, na mara nyingi wenyewe hawajui umerudi. Fanyeni wawili wawili, mmoja akiangalia mikono ya mwenzake bila kuongea hadi mwisho.

Kwa anayehama, mzigo mzito ni saa. Transkripti inaonyesha jina la somo, alama na krediti. Haionyeshi uliingia wodi gani na kwa saa ngapi. Baraza linalosajili wauguzi linataka kujua hilo, ndiyo maana chuo kipya kitakuuliza. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka mafunzo ya muuguzi wa jumla yawe angalau miaka 3 na saa 4,600, theluthi moja ikiwa nadharia na nusu ikiwa vitendo kwa uchache. Chuo kilicho chini ya masharti ya namna hiyo hakiwezi kukuonea huruma: saa zisipothibitishwa, unazirudia.

Kwa hiyo kusanya vitu vitatu kabla hujaaga: muhtasari wa kila somo wa mwaka uliosoma (silabasi ya mwaka mwingine haikubaliki, hata kama jina ni lilelile), kitabu cha kumbukumbu za vitendo chenye saini na mihuri, na barua ya idara inayotenganisha saa za darasani, za maabara ya ujuzi na za wodini. Kutenganisha huko ndiko kunakosahaulika. “Uuguzi wa Watoto, saa 180” haisemi kitu kama 120 zilikuwa darasani. Toa nakala ya kila ukurasa. Vitabu hivyo hupotea, na mkufunzi aliyesaini akihama hakuna wa kuthibitisha. Transkripti rasmi itumwe na chuo moja kwa moja. Ukiifungua bahasha wewe, imegeuka karatasi ya kawaida.

Masomo ya sayansi kama anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia mara nyingi huisha muda tangu uyasome, kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 7. Kuhamia mwaka wa mwisho karibu hakuna, kwa kuwa chuo kinachotoa cheti kinataka sehemu kubwa ya masomo iwe yake.

Sasa afya, panapokwamisha hata wenye alama za juu. Chanjo ya homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu: siku ya kwanza, mwezi 1 baadaye, na mwezi wa 6. Kipimo cha kinga hufanywa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, na kinga inahesabika kuanzia uniti 10 kwa lita. Anayeanza mwezi mmoja kabla ya muhula hesabu yake imeshakataa. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu husomwa kati ya saa 48 na 72. Ukichomwa Alhamisi na kliniki inafungwa wikiendi, umepoteza kipimo. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaweza kuficha majibu ya kipimo hicho, kwa hiyo vifanywe siku moja au usubiri wiki 4 baada ya chanjo. Cheti cha kuokoa maisha mara nyingi hudumu miaka 2, na kile cha mtandaoni kisicho na mazoezi ya mkono kwenye sanamu vyuo vingi hukirudisha.

Barua ya kukubaliwa ikifika, usikimbilie kulipa. Tafuta ndani yake mambo mawili: unaingia mwaka na muhula gani, na kwa mtaala upi. Mtaala ukibadilika ukiwa nje, unarudi kwenye mpya, na somo uliloshafaulu linaweza kuwa limegawanywa mawili, nusu yake bado ikikudai. Omba orodha ya masomo na saa zilizokubaliwa, kwa maandishi, yenye saini ya idara ya uuguzi. Maneno ya dirishani kwa msajili hayakufikishi wodini.