Sukari itiwe mwisho: supu ya yin'er kwa koo lililokauka

Kwetu Unguja ukisema vuli, mtu anachungulia mawingu. Oktoba ikiingia tunaanza kutega ndoo chini ya mabati. Basi nilipofika Beijing kusoma na kuambiwa vuli ndiyo majira mazuri kuliko yote, nikanunua mwavuli. Sikuufungua hata siku moja. Vuli ya kule ni kinyume cha yetu: mbingu buluu tupu, upepo wa kaskazini unaovuma kutoka nyika za Mongolia, na hewa kavu kama unga wa muhogo.

Mtu wa pwani hajui ukavu. Unguja hewa yenyewe ni supu. Kwa hiyo midomo ilipoanza kunipasuka nikadhani ni chakula. Kitasa cha mlango kiliponipiga shoti kila nikikigusa, nikadhani nyaya za nyumba mbovu. Asubuhi nilipoamka na damu puani ndipo nikaogopa kweli, nikamgongea jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima niliyekuwa nikimwita ayi. Wachina humwita hivyo mwanamke wa makamo kwa heshima, na maana yake ya asili ni dada wa mama. Yaani mama mdogo. Ayi akanitazama pua, akacheka, akasema neno moja: zao. Ukavu. Akaingia jikoni kwake akarudi na bakuli la kitu kinachoteleza.

Nilielewa haraka kuliko alivyotarajia, kwa sababu bibi yangu naye alikuwa akigawa vyakula na maradhi kwa moto na baridi, na sote tunajua baridi yabisi inavyotesa magoti ya wazee. Hiyo yabisi ni huo ukavu. Tiba ya asili ya Kichina huhesabu vuli kuwa majira ya mapafu, na rangi yake ni nyeupe. Ndiyo maana sufuria ya ayi ilijaa vitu vyeupe.

Cha kwanza ni yin'er, maana yake sikio la fedha. Ni uyoga unaouzwa mkavu, umejikunjakunja kama ua la karatasi. Usichague ule mweupe pepepe. Mzuri una rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Uliong'aa sana huenda umefukizwa salfa ili upendeze, na ukiunusa unakuwasha pua. Cha pili ni peasi. Yale ya mviringo yenye maji mengi ni bora. Halafu mbegu za yungiyungi, na hongzao, ambazo watu wengi huziita tende nyekundu. Si tende. Mie nimekulia mitaa ya Mkunazini, na nilipoitia moja mdomoni nikaijua: ni kunazi, binamu wa zile tulizokuwa tukiziokota utotoni, ila hizi ni kubwa, zimekaushwa na ni tamu zaidi. Mwisho kuna gouqi, vitunda vidogo vyekundu, na bingtang, yaani sukari ya barafu, ambayo ni mapande magumu yanayong'aa kama vioo vilivyovunjika.

Kwa watu wanne mimi hutumia ua moja la yin'er la gramu 20 hivi, mapeasi mawili, kunazi nane, mbegu za yungiyungi kiasi cha kujaza kiganja, kijiko kimoja cha gouqi, sukari gramu 40 na maji lita mbili. Usiongeze yin'er kwa kuona ni kidogo. Ukilowa unavimba mpaka unajaza bakuli zima.

Hapo kwenye kuloweka naomba unisikilize vizuri. Loweka kwa maji baridi, saa moja mpaka mbili, basi. Mara yangu ya kwanza niliuloweka usiku nikalala, bakuli likiwa juu ya bomba la kupashia joto chumba. Asubuhi ayi alipouona haukuwa na harufu mbaya, ulikuwa umelegea tu na kuota utelezi. Akaumwaga chooni bila kuniuliza. Niliudhika, maana haukuwa wa bure. Baadaye nikajua kwamba uyoga uliolowekwa muda mrefu penye joto unaweza kuota bakteria wanaotengeneza asidi ya bongkreki, sumu isiyo na harufu wala ladha, na hata uchemshe vipi haitoki. Sumu hiyohiyo ndiyo iliyokutwa kwenye pombe ya kienyeji iliyoua watu 75 huko Chitima, Msumbiji, Januari 2015. Kama huna muda wa kupika, usiloweke. Ukishaloweka na mgeni akabisha hodi, tia bakuli ndani ya friji, na ukiwa na shaka nalo mwaga.

Ukishalainika, kata kile kitako cha njano kilicho kigumu ukitupe, kisha chanachana uyoga kwa vidole vipande vidogo iwezekanavyo. Usifanye uvivu hapa. Ule ute mzito unaotafutwa hutoka kwenye kingo, na vipande vidogo vina kingo nyingi. Mbegu za yungiyungi nazo zipasue utazame ndani. Ukikuta kijiti cha kijani kitoe, ni kichungu kama mwarobaini.

Bandika yin'er na zile mbegu pamoja, maji yachemke, kisha punguza moto mpaka yawe yanatokota polepole. Funika, ukae saa moja na nusu, ukikoroga mara mojamoja. Kunazi zitoe kokwa uzitie ikibaki nusu saa, pamoja na mapeasi yaliyokatwa vipande. Dakika kumi za mwisho ndipo sukari inaingia, na gouqi zikiwa zimebaki dakika tano, kwani zikikaa sana zinapasuka na kutia uchachu.

Kwa nini sukari mwisho? Kwa sababu ukiitia mwanzo uyoga unakataa kutoa ute. Nilibisha, nikajaribu sufuria mbili siku moja. Ile ya sukari ya mwanzo nilipata maji matamu yenye vipande vinavyoliwa kama gegedu. Ya pili ilikuwa nzito kama uji wa tapioka. Kama una sufuria ya umeme ya shinikizo, dakika 35 zinatosha, lakini ute wake haufiki ule wa moto mdogo.

Kosa langu jingine ni la kwetu hasa. Niliona supu tamu, mkono ukaenda wenyewe kwenye iliki na mdalasini. Ilinukia kama tambi za Ramadhani, nikampelekea ayi bakuli kwa fahari. Akaonja, akaweka kijiko chini, akasema nimewasha moto ndani ya maji. Kwa hesabu yao viungo hivyo ni vya moto, vinakausha kilekile unachotaka kulainisha. Nazi hakuikataa, watu wa Guangdong, kusini mwa China, nao huitia kwenye supu zao tamu.

Na peasi usimkatie Mchina nusu ukamwambia tugawane. Nilifanya hivyo nikiwa namenya, ayi akarudisha mkono. Kugawana peasi ni fen li, na kutengana nako hutamkwa vivyo hivyo. Ndani ya sufuria halina ubaya, hapo hakuna anayejua kala la nani.

Je, inatibu? Mimi nasema inalainisha koo na inakufanya unywe kitu cha vuguvugu chenye maji mengi, basi. Damu puani ilikoma nilipoanza pia kuweka beseni la maji chumbani, hasa baada ya tarehe 15 Novemba, siku ambayo Beijing huwasha mabomba ya joto na vyumba hukauka maradufu. Kikohozi kikipita wiki mbili nenda hospitali. Mwenye kisukari aache bingtang kabisa, na hata hivyo peasi na kunazi zina utamu wake, ale kidogo.

Ayi huanza kuipika Bailu ikiingia, siku ya umande mweupe kwenye kalenda yao, karibu tarehe 7 au 8 Septemba, na huinywa ya moto tu. Inayobaki mimi huitia kwenye friji, siku mbili hazizidi. Ikipoa inaganda kama jeli, na naila hivyohivyo ya baridi nimesimama mbele ya friji, mlango wa nje nikiwa nimeufunga, maana ayi ana mazoea ya kuingia bila hodi.