Klorini imelala sakafuni mwa jabia: nisubiri?

Swali: Jabia letu (birika la kuhifadhia maji) hapa Lamu lina lita 10,000 za maji ya mvua, kina mita 2. Nilimimina klorini iliyoyeyushwa, nikazungusha maji kwa mti. Kesho yake nilipopima, chini ilikuwa kali, juu hakuna kitu. Si molekuli husambaa zenyewe? Nisubiri hadi lini?

Jibu: Usisubiri, ndugu yangu, wala usiongeze klorini kwa sasa. Kwenye maji, kipimo cha usambaaji, D, ni kama mita mraba 0.000000001 kwa sekunde. Muda wa kusambaa umbali L ni L²/D. Mita 1 tu inataka sekunde bilioni moja, yaani zaidi ya miaka 30.

Kuzungusha hakukusaidia kwa sababu mbili. Mchanganyiko mzito wa klorini huzama, na mzunguko wa mlalo hauyapandishi maji ya chini. Tena maji yakizunguka yote kwa mwendo mmoja, jirani hubaki jirani. Yakipishana kasi, doa la klorini huvutika likawa utepe unaopungua unene kama 1/t, t ikiwa ni muda. Muda wa kuchanganyika hivyo ni kipeuo cha tatu cha L²/(Dγ²), γ ikiwa ni tofauti ya kasi kwa kila mita. Kwa γ ya 0.1, ni dakika 77 hivi.

Siri iko hapa: mkondo haufuti tofauti za klorini; kinachozifuta ni usambaaji. Mkondo huzinoa tofauti hizo zikawa kali na nyembamba, usambaaji ukazimaliza upesi. Ukiyanyoosha maji na kuyakunja, kama chapati ya tabaka, unene hushuka kwa e⁻ᵞᵗ hadi √(D/γ), yaani milimita 0.1, unene ambao usambaaji huumaliza upesi, uitwao kipimo cha Batchelor. Kwa γ ileile, hilo huchukua sekunde 92! Pembe zilizotulia zitachelewa zaidi. Mwanafizikia Hassan Aref alionyesha mwaka 1984 kwamba hata mkondo usio na msukosuko huweza kazi hii, vizingia viwili (mizunguko ya maji) vikipokezana zamu.

Basi teka maji ya sakafuni kwa ndoo yenye uzito, uyamwage juu upande wa pili, ukibadilisha pembe kila mara. Pampu ya lita 2,000 kwa saa huhitaji saa 5 kupitisha ujazo mmoja, na hata hapo, maji yakichanganyika vizuri, karibu 37% hayajaipitia. Hamisha mpira wa pampu mara kwa mara. Subiri dakika 30, upime juu, katikati na chini. Ukikosa miligramu 0.5 za klorini kwa lita popote wakati vipimo vyote vimelingana, hapo ongeza: gramu 30 za unga wa klorini wenye nguvu ya 65–70% huleta kama miligramu 2 kwa lita. Yeyusha kwenye ndoo kwanza, acha chokaa ituame, kisha mimina maji ya juu sehemu kadhaa huku ukikoroga.