Kakejiku yenye duara: jinsi ya kuitambua na kuitunza

Mkuu, umeuliza mambo matatu kuhusu kakejiku, ile picha ya Kijapani ya kutundika na kukunja, uliyoachiwa na bosi wako Mjapani: duara limechorwa kwa mkono au limechapwa, mbona halijafungwa, na uitundikeje hapo Dar. Waliokujibu kwamba ni pambo la dukani tu wamekurupuka, maana picha uliyoweka imepigwa kwa mbali mno. Mimi nilisoma Fukuoka, Japani, na mama aliyekuwa akitufundisha taratibu za chai alinipa kazi ya kutundika na kukunja hizi kakejiku kila msimu ulipobadilika.

Chukua lenzi, inama karibu. Wino wao ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, na karatasi inaunywa. Duara hili, enso, huchorwa kwa mkupuo mmoja, pengine miwili. Brashi ilipotua utakuta wino umejaa na kuzama. Fuata mwendo wake: kadiri wino unavyopungua nywele za brashi zinaachana, inabaki michirizi myeupe inayopinda pamoja na mzunguko. Kwenye chapa nyingi za kiwandani lenzi itakuonyesha vidoti vilivyopangika. Muhuri mwekundu usikupumbaze, kuna chapa zinazogongwa muhuri kwa mkono ili zipendeze.

Kuhusu kutofungwa, utasoma mtandaoni kwamba mwanya ndio siri yenyewe. Mimi sikubaliani. Watawa wa Zen, tawi la dini ya Kibuddha, wamechora yaliyofungwa na yaliyo wazi, wakati mwingine mkono uleule. Chanzo cha duara ni cha zamani na ni cha Kichina. Shairi la mafunzo linalohusishwa na Sengcan, mtawa wa Kichina aliyefariki mwaka 606, linaisifu njia kuwa kamili kama anga kuu, isiyopungukiwa wala kuzidiwa na kitu. Halafu kuna zile picha kumi za mafunzo ya Zen kuhusu mchunga ng'ombe: kwenye ya nane ng'ombe hayupo, mchungaji hayupo, limebaki duara tupu.

Lakini usiishie kwenye duara. Pembeni kuna maandishi, na hayo ndiyo watu wengi wanayaruka. Pale Hakata, Fukuoka, kuna hekalu la Shofukuji lililoanzishwa na mtawa Eisai mwaka 1195. Sengai (1750–1837) aliwahi kuwa mkuu wake, na mzee huyu alikuwa na utani wa hatari. Alichora enso, akaandika pembeni kumwambia mtazamaji ale hiki kisha anywe chai. Papo hapo alama nzito ya dini inageuka andazi! Ukilikata duara lile na kuacha maneno, umebaki na pambo la hoteli. Kwa hiyo kabla hujajiuliza duara lako lina maana gani, tafuta mtu akusomee hayo maandishi.

Sasa kutundika. Kakejiku si ya kukaa ukutani mwaka mzima. Wenyewe huitundika tokonoma, kile kishubaka cha chumba cha wageni, kwa msimu au kwa shughuli, kisha inakunjwa. Nyuma ya karatasi na hariri kuna tabaka nyingine za karatasi zilizobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano, na wanga ni chakula cha wadudu. Ongeza unyevu wa pwani, utapata madoa ya kahawia ya ukungu ambayo hayatoki kirahisi. Itundike kiangazi, mbali na jua na upepo wa kiyoyozi, siku chache tu. Ukiikunja, mikono iwe mikavu, na usiikaze. Mikunjo ya kulazimisha ndiyo inayopasua wino. Pasi usiiguse kabisa.

Umesema pia fundi wa fremu amejitolea kuikata hariri aiweke kwenye kioo. Mkatalie. Ile mistari ya kitambaa cha thamani juu na chini ya karatasi ilichaguliwa na fundi wa kakejiku kulingana na mchoro.

Na hilo boksi la mbao unalotaka kulitupa kwa kuwa limechakaa, usithubutu. Mara nyingi mfuniko huandikwa mchoraji ni nani na kazi inaitwaje, na wanunuzi huliangalia kabla hata ya kukunjua karatasi. Weka hapa picha ya mfuniko, nje na ndani, na ya maandishi ya pembeni, zipigwe mchana bila flashi.