Baba ana chumvi nyingi, mjukuu wake kachekwa shuleni

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Mbagala na mke wangu, mtoto na baba yangu mzazi. Ujanani baba alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili. Nikiwa mdogo aliniambia vililiwa na simba kule Mlimba. Baadaye akawa mamba wa mto Kilombero. Juzi kamwambia mwanangu wa miaka 8 kwamba vilibaki mdomoni mwa chatu huku treni ikimsubiri. Mtoto kaenda kusimulia shuleni, kachekwa, karudi analia. Halafu mzee anadai ana kiwanja Chanika ambacho hatujawahi kukiona. Nataka niwaite baba wadogo na mashangazi, aseme ukweli mbele yao. Nakosea?*
*Mtoto wa Mzee Fiksi*

Marahaba, mwanangu. Kikao hicho usikiite. Mzee wa umri ule ukimweka kitako mbele ya wadogo zake ajibu mashtaka ya simba na chatu, ama atatunga kingine palepale, ama atanyamaza mpaka mnamzika. Na wewe shida yako si chatu. Unataka kujua baba yako alikuwa nani kabla hujazaliwa.

Hebu angalia hivi: mnyama anabadilika kila mara, lakini njia ni ileile ya reli. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kilichowatesa watu kuliko vyote: milima, mahandaki, madaraja, baruti. Maelfu ya vijana wetu walikuwa humo pamoja na Wachina, na wapo waliopoteza maisha. Pale Majohe, Gongo la Mboto, yapo makaburi ya Wachina waliofia kwenye kazi hiyo. Huenda vidole vya baba yako vilikwenda na jiwe au chuma, siku ambayo mwenzake hakuinuka tena. Kijana ambaye hakuna aliyemkalisha chini akamuuliza, simba humwia rahisi kumsimulia kuliko rafiki aliyekufa.

Mpeleke Majohe Jumapili moja, nyinyi wawili tu. Vidole usiviulize. Muulize walilala wapi, nani alipika, na yule msimamizi wa Kichina walielewana naye kwa lugha gani. Muulize mshahara wa kwanza alinunulia nini. Akiteleza akaingia kwa simba, mwache amalize simba wake, kisha mrudishe taratibu kwenye sufuria la wali. Sikiliza zaidi pale sauti inapopungua na maneno yanapokuwa machache.

Mtoto naye ana haki yake. Wazee wetu hawakuficha kwamba hadithi ina uongo ndani, mtoto mwenyewe ndiye huuita: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Mwombe baba aanze hivyo kila anapomsimulia mjukuu, ili mtoto akienda shuleni ajue kabeba hadithi, si habari. Wala asikusikie hata siku moja ukimwita babu yake mwongo. Hilo jina la Mzee Fiksi ni la kijiweni, na limeniuma kuliona limeandikwa kwa mkono wako.

Kiwanja ni jambo jingine kabisa, na hapo huruma yangu ni ndogo. Watu hupanga maisha yao juu ya ardhi. Mwombe mkataba wa mauziano au hati, akutajie mtaa na mashahidi waliokuwepo, kisha mwende naye ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize. Kama hakipo, mjue sasa nyinyi wawili, kabla ndugu hawajaanza kugombea hewa. Kama kipo, kakagueni mipaka, maana kiwanja kisichotembelewa huota nyumba ya mtu mwingine.

Majohe na Chanika ni upande mmoja, kwa hiyo utashawishika kuzimaliza safari zote mbili siku hiyohiyo. Usithubutu. Chanika ingoje wiki nyingine. Mzee akihisi ulimpeleka makaburini ili umbane kuhusu ardhi, hatakufungulia mdomo tena.